Nje Ipi? Maelezo kwa Anayefikiria Kuondoka

Ukimsikia mtu wa Ibaba anasema kijana wake "yuko nje", usikimbilie kudhani ni Ulaya. Uliza kwanza nje ipi. Kwetu kuna nje tatu. Ya kwanza ni Malawi: unashuka Isongole, unavuka, umeshafika Chitipa. Ya pili ni Zambia, kwa kupitia Mpemba na Tunduma. Ya tatu ni Sauzi, au Bondeni kama wanavyosema vijana, na hiyo ndiyo inayouzisha mashamba. Majuu kwenyewe, yaani Ulaya na Marekani, waliofika kutoka kata yetu ni wa kuhesabu kwa vidole, na habari zao tunazipokea kama habari za watu wa redioni.

Nimeamua kuandika juu ya jambo hili kwa sababu humu chuoni mazungumzo ya kuondoka yameshapita mazungumzo ya mitihani. Sisi wa elimu ndio usiseme. Kila mwenye kaka au dada aliyehitimu ualimu anajua mtu anavyokaa nyumbani miaka akisubiri tangazo la ajira, na tangazo likitoka waombaji wanavyofurika. Basi mtu anasema, bora niende. Sina nia ya kumzuia wala kumsukuma mtu. Ninachotaka ni kueleza mambo yanavyokwenda, maana wengi wanaondoka na picha ya mwisho wa safari bila kujua katikati pana nini.

Tuanze na la wazee. Kuondoka si ugonjwa wa kizazi chetu. Watu wazima wa Rungwe na Kyela, na sisi wa Ileje ambao wakati wa mkoloni tulikuwa ndani ya Rungwe, wanalo neno moja ambalo wenzetu wa Dar wengi hawalijui: Wenela. Limetokana na herufi WNLA, chama cha kuandikisha vibarua kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Kilichukua watu kutoka nchi nyingi za kusini mwa Afrika, na huku kwetu kilifika. Mtu aliandikishwa, akapimwa afya, akapelekwa Johannesburg kwa mkataba, akashuka chini ya ardhi, na mkataba ukiisha akarudishwa kwao. Wengine walikwenda kwa miguu yao kwenye migodi ya shaba ya Zambia, wakati ule ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini: Kitwe, Mufulira, Ndola. (Ileje nayo ina kata inaitwa Ndola, kwa hiyo kwetu ukisema unatoka Ndola lazima uulizwe ipi.) Baada ya Uhuru serikali ya Tanganyika ilikataa watu wake waendelee kuandikishwa kwenda kuchimba dhahabu ya makaburu, na Wenela kwa upande wetu ikaishia hapo.

Wenela ilikuwa na ukatili wake: mabweni ya wanaume watupu, kazi ya kuua, malipo ya kibaguzi. Hakuna mwenye akili anayeitamani. Lakini mtu wa Wenela alikuwa anajua mambo manne kabla hajaondoka: anakwenda wapi, atafanya kazi gani, atalala wapi na atarudi lini. Kijana wa leo anayepanda basi Tunduma analijua la kwanza tu, na hata hilo linaweza kubadilika njiani. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa karibu shida zote nitakazozieleza.

Katika saikolojia tunamsoma Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Canada. Huyu bwana si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Aliwahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, na sura yake juu ya ufalme wa Ankole ilichapishwa mwaka 1940. Baadaye akiwa Brazil, mwaka 1954, alitoa mhadhara kuhusu kitu alichokiita mshtuko wa utamaduni, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1960. Anasema mtu akihama anapoteza alama ndogondogo nyingi zilizokuwa zikimwongoza bila yeye kujua: nani anaanza kusalimia, lini unatoa mkono, hapana inasemwaje bila kumuudhi mtu, ukialikwa chakula unakubali mara ya kwanza au ya pili. Hakuna alama hata moja kati ya hizo iliyo kubwa. Zikikosekana zote kwa siku moja, mtu mzima anakuwa mtoto.

Oberg akataja hatua. Mwanzo kuna fungate, kila kitu kizuri. Kisha inakuja hasira na kununa, unawachukia wenyeji na chakula chao. Baadaye nafuu, halafu mazoea. Mwaka 1955, Mnorwei Sverre Lysgaard alichapisha uchunguzi wake juu ya Wanorwei waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa na hali nzuri, waliokaa zaidi ya miezi 18 pia, lakini wa katikati, kati ya miezi 6 na 18, ndio walikuwa wamezama. Ukichora unapata herufi U.

Nilipowasimulia habari hii ndugu zangu wawili waliotoka, walicheka. Kaka yangu mkubwa yuko Lusaka tangu mimi nikiwa kidato cha pili. Mtoto wa baba mkubwa alikaa Johannesburg, naye amerudi. "Fungate gani?" kaka akaniuliza. Usiku wake wa kwanza, na mitatu iliyofuata, alilala kituo cha mabasi akikumbatia begi, kwa sababu mtu aliyeahidi kumpokea hakushika simu. Nadhani fungate ya Oberg ni ya mtu aliyepokelewa uwanja wa ndege, chumba kikiwa tayari na barua ya ufadhili mkononi. Anayekwenda kwa nauli ya kukopa anaanzia kwenye shimo moja kwa moja.

Ila shimo lenyewe lipo, na hesabu ya miezi si ya uongo. Kaka anasema hakufikiria kurudi katika wiki za njaa. Alifikiria kurudi mwezi wa nane, wakati tayari ana kibarua kwenye duka la vipuri na godoro lake mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini. Akasema miezi ya mwanzo unahangaika, huna nafasi ya kuhuzunika. Mwezi wa nane unakaa Jumapili mchana, umefua, umekula, ndipo unagundua kwamba hakuna mtu katika mji mzima atakayejua ukiumwa. Na nyumbani nako mambo yamebadilika: mwanzoni walikuwa wanapiga kuuliza umeshindaje, sasa wanapiga kuuliza umetuma lini.

Jambo ambalo sijaliona katika vitabu vyetu ni kwamba nje ya karibu ina udanganyifu wake. Mtu wa Ibaba akienda milima ya Misuku, upande wa Malawi, atakuta kahawa kama yetu na lugha iliyo ndugu wa Kindali. Mto Songwe wenyewe hauheshimu ramani. Kule bondeni Kyela mafuriko yakibadili mkondo, shamba la mtu linaweza kuamkia nchi nyingine. Tunduma na Nakonde ni hivyo hivyo, Wanyamwanga wako pande zote mbili, na tangu 2019 kuna kituo kimoja cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Ugali upo, wao wanauita nshima. Dagaa wapo, wanawaita kapenta. Kwa hiyo unavuka ukiwa umelegea. Mtu anayekwenda Sweden anajiandaa kwa baridi na lugha. Anayekwenda Zambia anajiambia hawa ni ndugu zetu, tena reli ya TAZARA tulijenga pamoja, kilomita 1,860. Ndugu ni kweli. Lakini alama zile za Oberg zimebadilika chini kwa chini, na hakuna aliyekuonya.

Chukua saa tu. Ukivuka barabara Tunduma kuingia Nakonde, muda unarudi nyuma saa moja. Hilo watu wanalijua. Wasilolikumbuka ni kwamba Wazambia hawahesabu saa kama Waswahili. Saa 7 yao ya asubuhi kwetu ni saa moja, na wakati huo mama yako Ibaba saa yake inasema saa mbili. Kazi ya kwanza aliyotafutiwa kaka, aliyemtafutia alikuwa Mzambia mwenye Kiswahili cha kuokota kwa madereva wa malori. Akamwambia fika saa saba. Kaka akafika saa saba mchana, shati limenyooshwa. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa tangu asubuhi na mwenye duka hakutaka hata kusikiliza maelezo.

Lugha nayo. Kaskazini mwa Zambia ni Kibemba, Lusaka utasikia sana Kinyanja, ofisini Kiingereza. Kibemba si kigumu kwa Mbantu mwenzao. Ndani ya miezi mitatu unanunua, unapatana bei, unaulizia njia. Kigumu ni heshima. Wao hawana shikamoo, ila wana neno dogo "mukwai", na usipoliweka mahali pake, hata kama sentensi nzima ni sahihi, umeongea kama askari. Kaka alikaa muda mrefu akidhani majirani hawampendi kwa kuwa ni mgeni, hadi bibi mmoja muuza nyanya akamketisha na kumfundisha. Baada ya hapo, anasema, mtaa ulifunguka kama mlango. Ukitaka kujua ni kitu gani kinachomtoa mtu shimoni, mara nyingi hakifanani na mpango wowote. Kinakuwa mtu mmoja mwenye subira.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo watu wanapoangamia.

Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Hati ya dharura ya safari ni 20,000, na wengi wanaoishia nchi jirani wanachukua hiyo kwa sababu ni rahisi, halafu inaisha muda wake wakiwa mbali. Ukiwa na pasipoti, Afrika Kusini inakuruhusu kuingia bila viza kwa siku zisizozidi 90. Hapo ndipo mawakala wa mdomoni wanapochezea maneno. Wanasema "Sauzi hakuna viza". Ni kweli, kwa kutembea. Siku hizo 90 si ruhusa ya kufanya kazi. Wewe kisheria ni mgeni anayetembea, na siku ya 91 ni mkosaji. Kanuni zao za mwaka 2014 ziko hivi: ukizidisha muda kwa siku chini ya 30, ukitoka unaweza kupigwa marufuku kurudi kwa miezi 12, ukizidisha zaidi ya siku 30, ni miaka 5.

Soma tena hiyo sentensi, halafu fikiria maana yake. Adhabu inakukuta pale unapotoka. Kwa hiyo aliyezidisha muda haoni tena mlango wa kurudi nyumbani kama mlango, anaona mtego. Anabaki. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mtoto wa baba mkubwa alifika Johannesburg kwa njia ya kawaida ya wengi: Tunduma hadi Lusaka, kilomita zipatazo 1,000, halafu Chirundu, halafu Zimbabwe nzima, halafu daraja la Beitbridge. Siku 90 zikaisha bado anauza chaja na vifuniko vya simu mezani barabarani, akisubiri mambo yakae sawa ndipo ashughulikie karatasi. Mambo hayakukaa sawa.

Baba mkubwa akafariki. Kwetu mtu hakosi msiba wa baba yake. Anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa hata ubatizo wa mwanawe, watu watasema lakini watasamehe. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, alitakiwa asimame kaburini mbele ya wote. Alikaa na simu usiku kucha akipiga hesabu: akitoka, hatarudi miaka mitano, na mzigo wa biashara aliokopa utabaki kwa nani. Asubuhi akatuma fedha ya jeneza. Mdogo wake alishika simu juu ili aone, mtandao wa Ibaba mnaujua, picha ikawa inakatika. Wazee hawakusema neno pale kaburini. Walisema baadaye, na wanasema hadi leo. Hakuna hata mmoja kati ya wale wazee anayejua habari ya kanuni ya mwaka 2014, na hata nikiwaeleza wataniuliza kama kanuni ndiyo iliyomzaa.

Kuna na hatari ya mwili. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa, na watu zaidi ya 60 wakauawa. Aprili 2015 zikalipuka tena Durban. Septemba 2019 Johannesburg tena. Hiyo ya 2019 ndugu yetu alikuwepo. Alifungia meza yake uvunguni mwa kitanda na kukaa ndani siku tisa. Anasema asubuhi ya siku ya kumi aliyemgongea kumwambia sasa unaweza kutoka alikuwa mama wa Kizulu, mwenye nyumba wake. Nalitaja hilo kwa sababu hadithi za Sauzi huku kwetu zina ncha mbili tu, ama ni peponi ama wote ni wauaji.

Wapo pia wazamiaji, vijana wa Kitanzania wanaokaa kandokando ya bandari za Durban na Cape Town wakivizia meli. Mwandishi wa Afrika Kusini Sean Christie aliishi nao karibu na kuandika kitabu kilichotoka 2016. Na kwa dada zetu kuna njia ya Ghuba. Ripoti ya Human Rights Watch ya Novemba 2017 iliwahoji wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania waliokuwa Oman na Falme za Kiarabu, wakaeleza kunyang'anywa pasipoti, kutolipwa na kufanya kazi bila kupumzika. Wenye nyumba wakorofi wapo kila mahali. Kinachofanya kule kuwa pagumu zaidi ni mfumo wa kafala, ambao unafunga kibali chako cha kukaa kwa mwajiri mmoja. Ukimkimbia anayekutesa, wewe ndiye umevunja sheria. Kwa hiyo mkataba uliopitia ubalozini si karatasi ya kujisumbua tu.

Nirudi kwa wenzangu wa elimu, maana ninajua mnachosubiri: shahada yetu ina thamani gani huko? Inayo, lakini haijitembezi yenyewe. Kila nchi ina chombo chake cha kupima vyeti vya kigeni. Zambia wana ZAQA, Afrika Kusini wana SAQA, na mwalimu wa Afrika Kusini lazima pia asajiliwe na baraza lao la walimu, SACE. Yote hiyo inataka matokeo kamili yaliyothibitishwa na chuo, na kuyafuatilia ukiwa tayari uko Pretoria ni kazi ya kukukondesha. Chukua kabla hujaondoka, nakala zaidi ya moja, muhuri juu yake. Kaka yangu yeye ana diploma ya ualimu. Iko Ibaba, ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge. Hapo Lusaka anauza vipuri. Watanzania wa majuu wanaita hali hii kubeba boksi, mtu mwenye elimu yake kufanya kazi ya mabavu kwa sababu karatasi hazisomeki kule alikokwenda. Hata Abdulrazak Gurnah, aliyetoka Zanzibar kwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi, aliwahi kuwa mhudumu wa hospitali kabla hajawa profesa, na Nobel ikamfikia mwaka 2021 akiwa na miaka zaidi ya sabini. Siku ile tulibishana bwenini kama ni Mtanzania au si Mtanzania. Sheria yetu inajibu kwa ukavu: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania unaondoka. Ni vizuri anayeota kukaa moja kwa moja alijue hilo mapema.

Halafu kuna Kiswahili. Agosti 2019 SADC ilikipokea kuwa lugha rasmi, Novemba 2021 UNESCO ikatangaza Julai 7 kuwa siku yake duniani, na kabla ya hapo, 2018, Afrika Kusini ilitangaza kukiingiza kama somo la hiari shuleni. Kila semina tunaambiwa dunia inatusubiri. Mimi ningependa iwe hivyo, lakini tangazo la lugha si tangazo la ajira. Waliopata kazi ya kufundisha Kiswahili nje ninaowafahamu wamefundishwa kumfundisha mgeni, jambo ambalo ni fani tofauti kabisa na kumfundisha mtoto wa Mbozi ngeli za nomino. Mzaliwa wa lugha akidhani anajua kuifundisha kwa sababu anaiongea, atakwama somo la pili, pale Mzulu atakapomuuliza kwa nini tunasema "rafiki yangu" na "rafiki zangu".

Fedha ya kutuma nyumbani nitaieleza kwa ufupi. Kutuma dola 200 kuja nchi za Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu kwa wastani karibu asilimia 8, na lengo la Umoja wa Mataifa ni kushusha hadi chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Ndiyo maana watu wanatumia madereva wa malori. Dereva hakati asilimia. Ila siku mzigo ukipotea huna pa kushtaki, na urafiki nao umekwenda. Kaka sasa anatuma kwa simu, anaumia na makato, anasema usingizi una bei.

Na picha. Picha zinadanganya pande zote mbili. Mtu anapiga picha kando ya gari la bosi, anaivalisha maneno ya shukrani kwa Mungu, na huku Ibaba kuna mama anaihesabu ile gari kama paa la bati ambalo halijaja. Siwalaumu sana wanaopiga. Ukishauza shamba la ukoo kwenda nje huwezi kutuma picha ya godoro.

Aliyerudi naye ana habari yake. Mwaka 1963 wanandoa wa Kimarekani, John na Jeanne Gullahorn, waliongeza mkono wa pili kwenye ile U ya Lysgaard ikawa kama W: mtu akirudi kwao anashuka shimoni tena. Kwa hili sina ubishi nao. Mtoto wa baba mkubwa alirudi na begi moja. Alisimama kituoni, watu wakaangalia nyuma yake kama kuna lori la vyombo linakuja. Kwa miezi kadhaa alikuwa anatoka usiku tu. Anaongea Kizulu usingizini. Ameamka sasa, amekodi shamba la viazi na anajua bei ya soko la Tunduma kuliko sisi sote, kwa sababu alichojifunza kule mezani ni kuuza. Lakini bado wapo wanaomwita "wa Sauzi" kwa sauti ile ambayo si ya sifa.

Haya yote yamekuwa kwangu zaidi ya mada ya insha tangu likizo iliyopita, maana mdogo wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kwenda. Kuna mtu anataka shilingi milioni moja na laki nane amfikishe Johannesburg, "kazi ipo". Kazi gani, hasemi. Baba alikuwa tayari kuuza nusu eka ya kahawa. Wakaniita mimi kama msomi wa nyumba, nikaeleza niliyoyaeleza hapa: siku 90, miaka 5, SAQA, Lusaka kwanza kwa kaka, pasipoti kamili na si hati ya dharura. Baba akauliza maswali mengi ya fedha. Mdogo wangu hakuuliza kitu, alikuwa ameinama kwenye simu.

Mama alikaa kimya hadi mwisho, halafu akataka kaka apigiwe. Alikuwa na swali moja: mtu akifia huko anarudije? Kaka akanyamaza kidogo upande wa pili. Kisha akasema Watanzania wa mtaa wao wana daftari, kila mwezi kila mtu anaweka kwacha zake, na tangu yeye ameanza kuchangia wameshasafirisha wanne hadi Tunduma, mmoja wao hadi Kyela. Mama akauliza jina lake lipo ndani ya hilo daftari. Akasema lipo, namba kumi na saba. Ilikuwa mara ya kwanza tunalisikia daftari hilo, na kaka ameishi kule miaka yote hiyo. Mama akamwambia amwandike na mdogo wake kabla hajavuka.